Jasho la Nyasi Kavu na Amana ya Pumzi



Dakika chache nilizopewa nazielekeza kwa vijana wetu wanaofanya kazi katika mashamba ya ng'ombe na farasi hapa Uingereza, hususan wale wanaobeba nyasi kavu.

Wahenga walinena: mchumia juani hulia kivulini. Kazi hiyo ni ya heshima, na ni nzito. Robota dogo moja huweza kufikia kilo 20, na siku ya mavuno huinuliwa mengi mno kuiwahi mvua. Mgongo ukiumia, mwenyewe hutambua papo hapo. Mapafu hudhurika kimyakimya.

Nyasi zikifungwa kabla hazijakauka barabara, unyevu ukazidi asilimia 20 hivi, robota hupata joto ndani yake, likaota ukungu na vijidudu vipendavyo joto. Majira ya baridi, linapofunguliwa ghalani, vumbi lake hupaa na kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 1932, daktari aitwaye Campbell aliandika habari za wakulima wa Westmorland, kaskazini mwa nchi hii, waliougua baada ya kushika nyasi za namna hiyo. Ndiyo maradhi yaitwayo pafu la mkulima.

Hila yake ni kuchelewa. Mtu hufanya kazi akiwa mzima. Baada ya muda wa saa 4 hadi 8 hushikwa na homa, kutetemeka, kikohozi na kukosa pumzi. Kesho au keshokutwa hupata nafuu, akadhani ni mafua au malaria iliyomrudia, akarejea ghalani. Yakikaririwa hayo kwa miaka, mapafu hufanya makovu, na makovu hayo hayafutiki.

Basi vijana wetu, leso iliyofungwa puani haitoshi. Vaeni barakoa ya daraja la FFP3, nayo ikaze usoni pande zote. Kwa mwenye ndevu haikazi. Huyo aombe kofia ya kinga yenye feni inayompelekea hewa iliyochujwa. Sheria ya nchi hii inamtaka mwajiri atoe vifaa hivyo bila ya kumtoza mfanyakazi, kwa hiyo kuviomba si utovu wa adabu. Fungueni milango ya ghala, na robota lililoota ukungu msilitikise.

Mkiugua, mwambieni daktari waziwazi: nilishika nyasi kavu. Pasipo neno hilo, aweza kutibu maradhi mengine.

Nanyi wazazi mlio mbali, Unguja, Mombasa, Maskati au Toronto, kijana akiwapigia simu akalalamika homa ya jioni, msimwambie ameze vidonge alale. Muulizeni kwanza: leo ulishika nini? Ujira hutafutwa tena. Pafu lililokwisha halina dukani.