Nyumba Tupu za Pate na Upelelezi wa Bwana Msa



Wapo wanaoamini kwamba msomaji wa utenzi wa Al-Inkishafi hujishushia hadhi akionekana na riwaya ya upelelezi mkononi. Wengine, kwa huruma, huiruhusu riwaya iwe ngazi ya kupandia kwenye ushairi, kisha itupwe. Mimi nasema vitabu vya aina hizi mbili visomwe wiki moja, na kisitupwe hata kimoja.

Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ni mgumu, tusidanganyane. Umetungwa kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, na mtoto wa Uasin Gishu aliyezoea Kiswahili sanifu hukwama tangu ubeti wa kwanza. Mshairi anausuta moyo wake, kisha anaupeleka Pate, mji uliokuwa tajiri. Anauonyesha majumba ya matajiri: taa zilizowaka, zidaka za ukutani zilizopangwa vyombo vya Kichina. Sasa kwenye zidaka wamelala makinda ya ndege, na popo wananing'inia. Wenyewe wako wapi?

Hilo ni swali la mpelelezi. Chukueni sasa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammad Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Ali ameuawa. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, anawasha kiko chake, anatazama kitu ambacho wengine wamekipita, anauliza. Ukurasa unakimbia. Lakini aliyemfuata Bwana Msa kwa makini amejifunza kutoamini kwamba kitu kilichoachwa mahali ni kitu bure, na macho hayo ndiyo yanayohitajika Pate. Al-Inkishafi nao humrudishia msomaji wa riwaya jambo moja: muuaji hujulikana ukurasa wa mwisho, ila msiba wa nyumba iliyobaki tupu hauna ukurasa wa mwisho.

Hapa kwetu Burnt Forest, Uasin Gishu, sihitaji kueleza sana. Mji huu uliona moto wa machafuko mwaka 1992, ukauona tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wengi wetu tumepita penye kuta bila paa, tukajua nani alikuwa akipika pale. Ndiyo maana sikubali Al-Inkishafi uitwe ushairi wa pwani tu, wa kuachiwa watu wa Lamu na watahiniwa.

Basi wanafunzi, anzeni na Bwana Msa bila haya, usiku, mkicheka. Asubuhi someni beti tano za Al-Inkishafi kwa sauti. Ubeti ukikataa, urukeni, mwende kwenye nyumba za Pate. Nanyi walimu, msiwatungie mtihani mpaka wamalize vyote viwili.