Nyumba Iuzwe kwa Mpango, Isingoje Mnada

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi



Nimetakiwa nizungumze juu ya jinsi ya kuitayarisha nyumba inayotaka kuuzwa, ili impate mnunuzi upesi na kwa bei ya haki. Huenda wapo watakaojiuliza jambo hili lina uhusiano gani na ushirika. Uhusiano upo, na ni mkubwa. Mwanachama aliyeweka nyumba yake kuwa dhamana ya mkopo akishindwa kulipa, habari ya nyumba hiyo huingia katika ofisi zetu. Ikiuzwa kwa bei ya kutupa, deni halitalipika lote. Mwanachama atakuwa hana nyumba na bado anadaiwa, na fedha zitakazokosekana ni akiba za wenzake. Kwa hiyo katika mauzo mabaya ya nyumba moja hupata hasara watu wengi.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2008, inamtaka mkopeshaji ampe mdaiwa taarifa ya siku 60 kabla ya kuuza nyumba iliyowekwa rehani. Sheria hiyo inamtaka pia atafute bei iliyo bora kadiri iwezekanavyo. Akiuza kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei za nyumba za aina hiyo sokoni, huchukuliwa kuwa amevunja wajibu wake, mpaka atakapothibitisha vinginevyo. Aghalabu siku hizo 60 hupita katika kulaumiana. Mdaiwa humkwepa katibu, naye katibu humngojea dalali wa mnada. Rai yangu ni kwamba siku hizo zitumike kwa kazi: mwanachama auze mwenyewe, kwa mpango, huku chama kikimsaidia. Na yule asiyedaiwa, bali anauza kwa sababu ya ada za watoto, matibabu au kuhama, naye atafaidika kwa utaratibu huu huu.

Kwanza, karatasi

Wauzaji wengi huanza na rangi. Yafaa waanze na karatasi, kwa sababu rangi hupakwa kwa siku mbili, bali kasoro ya hati yaweza kuchukua miezi. Mnunuzi mwenye fedha mkononi hangoji. Huenda kwa mwingine.

Kama kiwanja kimepimwa, hati iwepo, na jina lililomo liwe la muuzaji. Kama mwenye jina amefariki, hapana budi awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa hana mamlaka ya kuuza kwa sababu tu ya ukubwa wake. Kodi ya ardhi ya kila mwaka iwe imelipwa na stakabadhi zihifadhiwe. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa katika ununuzi wa umeme. Hata hivyo muuzaji ahakikishe hakuna deni la nyuma, wala la maji. Pale ambapo kiwanja hakijapimwa, zitafutwe barua za mauziano ya awali, na majirani wa pande zote waitwe kuonyesha mipaka mbele ya uongozi wa mtaa. Katika ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji ishirikishwe mapema, siyo baada ya fedha kupokelewa.

Jambo jingine ni ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenziwe. Ridhaa hiyo iandikwe na kutiwa sahihi mwanzoni. Mauzo mengi yamevunjika siku ya malipo kwa sababu mama wa nyumba alikuwa wa mwisho kupata habari. Yeye ana haki ya kujua, na mnunuzi ana haki ya kumwona.

Pili, nyumba yenyewe

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata chema huhitaji kufutwa vumbi. Mnunuzi huamua mengi tangu anapofika mlangoni, kabla hajaonyeshwa vyumba.

Kazi ziko za aina mbili. Aina ya kwanza ni zile zinazozuia nyumba isiendelee kuharibika. Bati linalovuja lizibwe, misumari iliyolegea ibadilishwe, na mbao za dari zilizooza ziondolewe. Njia za udongo za mchwa ukutani zisifutwe tu. Kiini chake kitafutwe na dawa itiwe. Maji ya mvua yanayosimama karibu na msingi yachimbiwe mfereji. Ufa utazamwe chanzo chake kabla ya kupigwa lipu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini anayeuficha ufa kwa rangi hajauziba, na mvua ya kwanza itamwumbua. Udanganyifu wa namna hiyo humletea muuzaji kesi, tena huliharibu jina la chama kilichomsindikiza. Kasoro isiyoweza kurekebishwa itajwe wazi na ihesabiwe katika bei.

Aina ya pili ni kazi za usafi, nazo ndizo zinazorudisha faida kubwa kwa gharama ndogo. Nyasi zikatwe, takataka na mabati chakavu yaondolewe uani, na mipaka ionekane. Kuta zipakwe chokaa au rangi nyeupe, ambayo hukipa chumba mwanga na kukifanya kionekane kikubwa. Vitasa vifunge, madirisha yafunguke, taa ziwake, bomba litoe maji. Choo na jiko visafishwe mpaka harufu iishe, kwa maana humo ndimo wanunuzi wanamochungulia zaidi. Vyombo na magunia yaliyojazwa vyumbani yahamishwe kwa muda. Mnunuzi ananunua nafasi, na nafasi iliyofichwa na magunia haioni.

Lakini tusizidishe. Mwenye haraka ya kuuza asianze kujenga chumba kipya wala kung'oa sakafu nzima. Fedha ya ujenzi mkubwa mara nyingi hairudi yote katika bei, na muda hupotea. Tena asikope upya kwa ajili ya matengenezo. Kanuni ni hii: tengeneza kilichoharibika, safisha kilichopo, usiongeze kisichokuwapo.

Tatu, bei na wakati

Bei haipangwi kwa kutazama deni. Mwanachama anayedaiwa shilingi milioni 20 husema, "Nitauza kwa milioni 20." Hilo ni kosa. Deni si kipimo cha nyumba, na mnunuzi akilisikia atalitumia kumbana. Bei ipangwe kwa kulinganisha nyumba zilizouzwa karibuni katika mtaa ule ule, au, kwa nyumba yenye thamani kubwa, kwa kumtumia mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Bei ya kwanza ikiwa ya juu mno, nyumba hukaa muda mrefu, watu huizoea na kuanza kuuliza ina kasoro gani. Ni afadhali kutaja bei inayokaribia ile ya haki, na kuwa na kiwango cha chini kinachojulikana na jamaa wa nyumbani peke yao.

Wakati nao una bei yake. Katika sehemu za pamba, fedha huanza kuonekana msimu unapofunguliwa mwezi Mei; katika sehemu za korosho, huonekana minada inapoanza mwezi Oktoba. Katibu ndiye anayejua siku ambayo malipo ya wakulima yatatoka, na wanunuzi wengi wa nyumba za miji midogo ni hao hao wakulima na wafanyabiashara wanaowahudumia. Inapowezekana, nyumba itangazwe wakati huo.

Kodi isisahaulike. Mkazi anayeuza nyumba hutozwa kodi ya mapato ya asilimia 10, nayo hutozwa juu ya faida, yaani bei ya kuuzia ukiondoa gharama. Kwa mfano, nyumba iliyogharimu milioni 25, pamoja na ujenzi ulioongezwa baadaye, ikiuzwa kwa milioni 45, faida ni milioni 20 na kodi ni milioni 2. Hapa ndipo stakabadhi za saruji na mabati zinapogeuka kuwa fedha, kwa sababu gharama isiyo na ushahidi ni vigumu kuiombea hesabu. Aliyeishi katika nyumba yake kwa miaka 3 au zaidi aulize ofisi ya kodi juu ya msamaha uliowekwa kwa faida ndogo.

Nne, dalali na malipo

Dalali ni mtu wa kazi, na ujira wake ni halali. Ila mapatano naye yaandikwe: kiasi gani, na kilipwe lini. Asipewe hati halisi, apewe nakala. Mkataba wa mauzo utiwe sahihi mbele ya wakili na mashahidi, na malipo yapitie benki. Pale ambapo chama kinashikilia hati, katibu awepo, deni lilipwe kutoka katika akaunti, stakabadhi itolewe siku hiyo hiyo, na baki akabidhiwe mwenye nyumba bila kucheleweshwa.

Majengo ya chama

Yote niliyoyasema yanakihusu chama chenyewe kinapotaka kuuza nyumba au ghala. Lakini jengo la chama si mali ya kamati. Lisiuzwe bila uamuzi wa Mkutano Mkuu, uthamini na idhini ya Mrajis. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikatungwa mwaka 1982. Katika mabadiliko hayo majengo yalipita mikono mingi. Chama chenye jengo la zamani kihakikishe leo, kabla ya haja kufika, kwamba hati iko kwa jina lake.

Ndugu Wanachama, ninalopendekeza lianze na kazi moja ndogo. Kila katibu atakaporudi chamani kwake afungue jalada kwa kila nyumba iliyowekwa dhamana: nakala ya hati, ridhaa ya mwenzi, stakabadhi za kodi na maelezo ya hali ya jengo. Mwanachama naye ahifadhi jalada kama hilo nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya shida ikifika, mwenye jalada atakuwa na siku 60 za kuuza, na asiye nalo atazitumia zote kutafuta karatasi.

 Sasa nakaribisha maswali.