Juu ya Desturi ya Kupeana Mbegu ya Muhogo



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya jambo lijulikanalo katika kila nyumba ya Malindi na Kilifi, nalo ni desturi yetu ya kupeana mbegu ya muhogo.

Asili ya muhogo ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha Afrika. Lakini leo hakuna mzee wa pwani awezaye kuuita mgeni. Haupandwi kwa punje kama mahindi, bali kwa kijiti kilichokatwa katika shina. Kwa hiyo mbegu yake hutoka kwa jirani ikaenda kwa jirani. Mtu wa Marafa akisikia kwamba kuna aina nzuri Matsangoni, humpelekea salamu mwenyewe, na mzigo hufungwa kamba, ukapakiwa katika matatu, ukapokewa njiani bila malipo ila nauli. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Hata hivyo, ndugu zangu, yanipasa kuungama kosa langu. Mwaka mmoja shemeji yangu wa Ganze aliniomba mbegu ya Kibandameno, kwa kuwa ni muhogo mtamu wa kuchemsha. Nilitazama shamba langu kwa juu, nikaona majani yamestawi, nikakata mzigo mzima nikampelekea. Alipanda, akapalilia, akangoja miezi 10. Alipochimbua, mihogo ilikuwa minene kwa nje, lakini ndani ilikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu, haifai kuliwa. Hakunilaumu. Alisema tu, "Shemeji, ulinipa ulichokuwa nacho." Neno hilo lilinichoma kuliko matusi.

Ugonjwa ule huitwa michirizi ya kahawia. Mtaalamu H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanganyika, aliueleza mwaka 1936. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ni adui wa nchi za chini zilizo karibu na bahari, toka kwetu mpaka Msumbiji. Lakini tangu mwaka 2004 umeonekana Uganda, na baadaye katika nchi nyingine za bara. Huletwa na virusi, na nzi weupe huvichukua kutoka mti mmoja hadi mwingine. Lakini nzi hao hawafiki navyo mbali. Toka Malindi hata Ganze si nzi aliyeubeba ugonjwa ule, ni mimi.

Hila yake ni kwamba hujificha. Ugonjwa wa batobato hukunja majani machanga na kuyatia mabaka, hata mtoto huuona. Huu wa michirizi huonekana zaidi katika majani ya chini yaliyokomaa, kwa unjano kandokando ya mishipa. Mwenye kutazama kilele cha mti huona uzuri mtupu. Wala hakuna dawa ya kuuponya mti ulioambukizwa. Basi kinga yetu ni uangalifu, nami naomba tushike mambo manne.

Kwanza, mwenye kutoa mbegu akague mti ungali na majani, hasa ya chini, na shina lake pia. Ulio mzima autie alama ya kitambaa. Kisha achimbue na kuikata mihogo yake vipande vipande kabla ya kutoa shina. Muhogo safi si hakikisho kamili, lakini muhogo mbovu ni ushahidi kamili.

Pili, achukue sehemu ya katikati ya shina lililokomaa, akate kwa panga safi vijiti vya sentimita 20 hadi 30, vyenye macho matano hadi saba. Mzigo ukisafiri, uwekwe kivulini, na uandikwe aina ya muhogo na mahali ulipotoka.

Tatu, mwenye kupokea asiuchanganye mara moja na shamba lake kubwa. Aupande mbali kwa msimu mmoja, na mti wowote wenye dalili aung'oe na kuuteketeza.

Nne, tutafute aina zistahimilizo. Kaleso ilitokana na kazi ya Amani, ambako wataalamu waliuchanganya muhogo na jamaa yake, mpira wa Ceara. Kituo cha utafiti cha Mtwapa, ambacho sasa ni cha KALRO, kimetoa Tajirika, Shibe na Karembo. Na mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka wa Tanzania asivushe mbegu kwa siri. Kibali hutolewa na KEPHIS.

Wako watakaosema kwamba ukaguzi huu utaua ukarimu wetu. Sioni hivyo. Ekari moja, kwa nafasi ya mita moja kila upande, yataka vijiti karibu 4,000. Ni wangapi kati yetu wawezao kuvinunua? Hapana budi tuendelee kupeana, na kwa sababu hiyo hiyo yatupasa kujua tunachopeana. Anayempa mwenziwe mbegu humpa chakula cha mwaka, au njaa ya mwaka.

Basi naomba kila mwanachama, kabla ya masika yajayo, alete hapa mzigo mmoja tu wa mti aliouchimbua na kuukagua kwa mkono wake.

Mimi nimekwisha kuanza. Nilimpelekea shemeji yangu vijiti 10 vya Kaleso, na pamoja navyo muhogo mmoja wa mti ule ule, nimeukata katikati ili auone ndani. Amevipanda peke yake nyuma ya nyumba, mbali na shamba, naye huvitazama kila asubuhi.