Dada Yetu Aliye Saudia Naye Apige Kura?

(Maneno kwa kikao cha vijana, Maungu)



Leo tunaongea jambo moja: Mkenya anayeishi nje apige kura ya huku nyumbani, ama asipige?

Wanaopinga wana hoja. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu hanunui unga hapa, hapangi foleni ya maji hapa, mbona atuchagulie kiongozi halafu mzigo tuubebe sisi? Mimi hoja hiyo siidharau. Kwa MCA wa Marungu na mbunge wa Voi, naikubali kabisa. Na utaratibu wenyewe uko hapo hapo: aliye nje hupiga kura moja tu, ya rais. Hachagui gavana, seneta, mbunge wala MCA.

Sasa tubishane kuhusu hiyo moja.

Ukisikia "Wakenya wa nje" usimfikirie mtu wa Marekani peke yake. Wako vijana wetu walinzi na madereva Doha na Dubai. Wako dada zetu wanaofanya kazi za nyumba Riyadh. Je, rais hawahusu? Mkataba wa kazi na nchi za Ghuba hutiwa saini na serikali ya Nairobi. Balozi anateuliwa na rais. Ajenti anapewa leseni na serikali. Mwaka 2014 serikali ilisimamisha safari za kazi za Mashariki ya Kati, baadaye ikazifungua tena. Uamuzi kama huo humfikia yeye kabla ya mimi na wewe. Siku mwajiri amekatalia paspoti na mshahara, mlango anaoubisha ni wa ubalozi wetu. Kitanda hicho analala yeye, jameni, na kunguni wake anawajua mmoja mmoja.

Na haki hii si ya kuomba. Kifungu cha 82 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge litunge sheria ili Wakenya walio nje wasajiliwe na wapige kura, hatua kwa hatua. Shida ni mwendo wa hizo hatua. Mwaka 2013 zilikuwa nchi nne: Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na waliosajiliwa 2,637. Mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini. Mwaka 2022 zikafika nchi 12, Qatar na Falme za Kiarabu zikiwemo, lakini waliosajiliwa nje walikuwa 10,443 tu, kati ya wapiga kura zaidi ya milioni 22. Saudia, waliko dada zetu maelfu kwa maelfu, haikuwemo.

Mwaka huo huo, pesa walizotuma Wakenya wa nje zilipita dola bilioni 4. Pesa ya dada inaingia kwa simu ya mama dakika hiyo hiyo. Kura yake ndiyo haina njia.

Hata penye kituo, mambo si rahisi. Paspoti iko kabatini kwa bosi, siku ya mapumziko hana, na ubalozi uko mbali. Haki ya karatasini na haki ya mkononi ni vitu viwili.

Kuna anayeogopa wizi wa kura huko mbali. Hofu hiyo hata hapa tunayo, na dawa ni ile ile: mawakala wawepo, kura zihesabiwe kituoni, Fomu 34A ibandikwe mlangoni watu waione.

Basi tufanye nini kabla ya tarehe 10 Agosti 2027?

Kwanza, tuiandikie IEBC, na tuwabane wanasiasa wakija hapa kuomba kura: Saudia iwe na kituo.

Pili, anayesafiri aambiwe mapema. Kujisajili Maungu hakutakuwezesha kupiga kura ukiwa Doha. Ni lazima usajili wako uhamishiwe kituo cha huko.

Tatu ni sisi tuliobaki. Ofisi ya IEBC iko Voi, nauli ya matatu tu. Usimtetee dada aliye Riyadh na wewe mwenyewe, mwenye kitambulisho mfukoni, hujajisajili. Anza na jina lako, halafu tulidai lake.