Safari ya Miguu Katika Milima ya Himalaya

Jioni hii twataka kuwasimulia habari za njia tuliyoipita kwa miguu katika nchi ya Nepal, upande wa Khumbu, ulikosimama mlima uliopita milima yote ya dunia kwa urefu. Waingereza waliuita Everest. Washerpa, wenyeji wa Khumbu, huuita Chomolungma. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2020 vyasema urefu wake ni futi 29,032. Kibo ya Kilimanjaro, ambayo wengi wenu mwaijua, ina futi 19,341.

Katika vijiji vile hakuna barabara ya motokaa. Mizigo mingi huchukuliwa mgongoni, ama mwa mtu ama mwa mnyama. Mpagazi hubeba kikapu kikubwa chenye ukanda upitao juu ya kipaji cha uso wake, na mkononi ana fimbo fupi yenye kichwa kipana. Akichoka, huitegemeza fimbo ile chini ya kikapu, akasimama kupumua bila kuutua mzigo. Sisi tuliobeba vifurushi vidogo tulikuwa twahema kuliko yeye, na tuliona haya. Mnyama wao ni yaki, jamaa ya ng'ombe, mwenye manyoya marefu yaningʼiniayo tumboni. Ukikutana naye njiani, simama upande wa mlima, usisimame upande wa genge, maana hajui kumpisha mtu.

Nyumba za kale ni za mawe: mifugo hukaa chini, watu juu. Chakula chao kikubwa ni viazi, navyo havikufika huko ila katika karne ya 19. Samadi hukaushwa ikawa kuni. Kando ya njia mna kuta za mawe yaliyochorwa maneno ya sala ya dini ya Buddha, na kila apitaye huziacha mkono wake wa kuume. Nasi tulifanya vivyo hivyo, kwa kuwa mgeni hufuata ada ya wenyeji.

Namche, yapata futi 11,300, tulipumzika siku nzima ili miili izoee. Lakini tulipofika Dingboche, zaidi ya futi 14,000, ambako kila pumzi ina oksijeni kama sehemu tatu katika tano ya ile ya pwani, mwenzetu mmoja alikuwa ameficha maumivu ya kichwa kwa siku mbili, asije akaturudisha. Jioni alitapika, akakataa chai. Kiongozi wetu Msherpa hakumwuliza neno. Alimwambia tu atembee, kisigino mbele ya kidole, katika mstari mmoja. Akayumba kama mlevi. Kiongozi akasema, "Twashuka sasa hivi." Mmoja wetu akaomba tungoje kupambazuke, kwa kuwa giza lilikuwa kuu na baridi kali. Akajibu kwamba ubongo wa mtu huyu wavimba, nao hautangoja jua.

Tulishuka kwa kurunzi, wawili wakimshika mgonjwa mikono, mto ukivuma gizani chini yetu. Tulipofika Pangboche, futi kama 1,400 chini, usiku ulikuwa umekwisha kuwa mwingi. Mama mwenye nyumba aliamka akakoka moto wa samadi. Hata alfajiri mwenzetu akaketi, akauliza kama viazi vimebaki.