Kete ya 64: Safu na Vekta katika Somo la Kwanza la Uprogramu



Wengi mlitarajia nizungumzie akili unde. Nimechagua mada ambayo kwa desturi hailetwi katika ukumbi huu: safu. Hufundishwa vijana wa mwaka wa kwanza, mara nyingi kwa saa mbili tu, kisha darasa husonga mbele. Nimeifundisha kwa miaka mingi, na ninaamini kwamba hapo ndipo mwanafunzi anapopata picha ya kinachotokea ndani ya mashine, au anapoikosa na kuikosa moja kwa moja.

Kila mwaka, kabla sijataja neno safu, huwapa wanafunzi zoezi hili: someni alama za watahiniwa 40, tafuteni wastani, kisha onyesheni waliouvuka. Wastani hauwasumbui, kwa sababu jumla hujikusanya alama moja moja. Kinachowabana ni sehemu ya pili. Ili kuwajua waliovuka wastani, sharti alama zote ziwe bado zipo baada ya wastani kujulikana. Basi huandika alama1, alama2, alama3, hadi alama40, na chini yake masharti 40. Siwakatizi. Nawaacha mpaka mkono uchoke, halafu nauliza: na watahiniwa wakiwa 400? Uchovu ule ndio mwalimu wa kwanza wa safu, na mimi nakuja nyuma yake.

Safu ni nafasi zilizopangwa bega kwa bega katika kumbukumbu ya kompyuta, zote za ukubwa mmoja, chini ya jina moja. Tuseme safu ya namba inaanzia kwenye anwani 2000, na kila namba inachukua baiti 4. Iliyo hatua 5 kutoka mwanzo iko kwenye 2020, yaani 2000 jumlisha 5 mara 4. Kompyuta haipekui kitu. Inapiga hesabu na kufika. Kwa hiyo kuifikia namba iliyo hatua 5 na ile iliyo hatua 500,000 ni hesabu ile ile. Katika mashine za mwanzo, programu iliyotaka kupita kwenye orodha ya namba ililazimika kubadilisha maagizo yake yenyewe, anwani baada ya anwani. Manchester Mark 1 ya Uingereza, mwaka 1949, ilipewa rejista maalumu ambayo thamani yake huongezwa juu ya anwani, na kazi ile ya kuchosha ikaisha.

Tazameni neno hilo, hatua. Namba tunayoandika kwenye mabano ya safu ni umbali kutoka mwanzo. Wa kwanza hana umbali, kwa hiyo namba yake ni 0. Fortran ya mwaka 1957 ilihesabu kuanzia 1, kama wanahisabati wanavyozihesabu safu za matriki, lakini lugha ya C na nyingi zilizoifuata zikaanza na 0. Edsger Dijkstra aliitetea sifuri katika waraka wa mwaka 1982: ukianza na 0 na kuishia kabla ya N, namba unayoishia kabla yake ndiyo idadi yenyewe ya vitu ulivyo navyo. Mwanafunzi anayeambiwa tu kwamba kompyuta huhesabu kuanzia sifuri atakariri na kusahau. Akiambiwa ni umbali, hana cha kukariri.

Chombo bora nilichowahi kupata cha kufundishia haya ni bao la Kiswahili: mashimo 32 katika mistari minne ya manane, na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo 16, na anapotembeza kete huzungusha ndani ya hayo yake tu. Yapeni namba. Mstari wa mbele, kutoka kushoto kwako, 0 hadi 7. Kisha pinda nyuma, 8 hadi 15, ukirudi kushoto. Kichwa cha kushoto ni 0, kichwa cha kulia ni 7, na nyumba, lile shimo la mraba, ni 4. Shimo la mpinzani linalotazamana na shimo lako i ni lipi? Mpinzani amekaa mkabala nawe, kushoto kwake ndiko kulia kwako, kwa hiyo kwa hesabu yake ni 7 kutoa i. Kutembeza kete ni kuongeza 1; ukitoka 15 unarudi 0, na hilo unalipata kwa baki la kugawanya kwa 16: i = (i + 1) % 16. Mabaki ya kugawanya kwa 16 ni 0 hadi 15, ambazo ndizo namba zetu za mashimo. Kijana aliyekulia barazani watu wakicheza bao anaona mara moja kwamba mzunguko huu anaujua tangu utotoni.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja aliniletea programu ya bao aliyoiandika kwa lugha ya C++. Ilicheza vizuri, ila mara chache mchezaji wa kusini alipewa zamu mbili mfululizo. Kijana alikuwa amezipitia sheria za mchezo usiku kucha asione kosa. Nikamwambia aziache sheria, ahesabu kete zote, za ubaoni na za mkononi, kila baada ya hatua. Tukasoma kwenye skrini: 64, 64, 64, kisha 63.

Kete moja ilikuwa imetoka ubaoni. Kwa kutembeza kinyume aliandika (i - 1) % 16. Katika C++, i ikiwa 0, jibu la hesabu hiyo ni -1. Bao halina shimo la -1, lakini kumbukumbu ina kitu pale. Yeye alikuwa ametangaza kwanza kigeu cha zamu, na mara baada yake mashimo ya kusini. Hatua moja nyuma ya shimo la kwanza ndipo zamu ilipokaa. Kete ya mwisho mkononi ikaangukia humo. Zamu ilikuwa 0, ikawa 1. Kwa kuwa “shimo” lilikuwa tupu, mwendo ukaishia hapo, kama sheria inavyotaka. Programu ikaigeuza zamu kwa mpinzani, kutoka 1 kwenda 0, na kusini akacheza tena. Kijana aliitazama skrini kwa muda mrefu, kisha akafuta alama tatu na kuandika (i + 15) % 16. Sijawahi kufundisha mhadhara wa kumbukumbu uliozidi dakika zile.

Kosa la jinsi hiyo haliishii kwenye mchezo. Tarehe 2 Novemba 1988 programu ya Robert Tappan Morris ilienea katika intaneti changa ya wakati ule. Mojawapo ya njia zake ilikuwa huduma iliyotenga nafasi ya baiti 512 kwa ujumbe unaoingia, bila kuuliza ujumbe una urefu gani. Ikatumiwa baiti 536. Tony Hoare, katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing wa mwaka 1980, alisimulia kwamba kompaila ya lugha ya Algol aliyoijenga na wenzake ilikagua kila namba ya safu. Walipowauliza wateja kama wangependa njia ya kuzima ukaguzi huo ili programu zikimbie zaidi, wateja wote walikataa. Hilo lilitokea miaka ya 1960, na bado tunahitimisha vijana wasioujua ukaguzi huo.

Sasa vekta. Wanaotoka kidato cha sita na fizikia huniuliza mwelekeo wake uko wapi. Swali ni la haki. Alexander Stepanov, aliyebuni maktaba iliyoileta vekta katika C++, alikiri baadaye kwamba jina alilichukua kutoka lugha za Scheme na Common Lisp, na kwamba halikufaa. Vekta hii ni safu inayoweza kukua. Ikijaa, inatafuta eneo kubwa zaidi, inahamisha vyote, na kuliacha la zamani. Anayehama na kuongeza vyumba 10 kila mara, akianza na 10, atakuwa amebeba mizigo 49,500 kufikia vyumba 1,000. Anayeongeza maradufu, akianza na chumba kimoja, atakuwa amebeba 1,023 tu. Huwa nawataka wanafunzi wazipige hesabu hizo kwa mkono, maana anayeiona tofauti hiyo kwa kalamu yake haisahau. Na kwa kuwa vekta huhama, aliyeandika mahali anwani ya zamani atabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Kosa hilo hata wahandisi wazoefu hulifanya.

Kipi kitangulie? Bjarne Stroustrup, mbunifu wa C++, katika kitabu chake cha wanaoanza cha mwaka 2008, alitanguliza vekta na kuisogeza mbali safu ya kale ya C. Nakubaliana naye katika kuanza. Mgeni apewe chombo kinachokua na kinachokataa, chenye at(), ambayo husimamisha programu pale kete inapotaka kuanguka nje. Lakini muhula usiishe kabla hajaishika safu yenyewe na anwani zake, kwa sababu vekta imejengwa juu yake. Wanaomwachia mwanafunzi vekta peke yake wanamfanya dereva asiyewahi kufunua boneti.

Walimu wenzangu, naomba mambo mawili. Tuipe safu wiki mbili katika ratiba ya mwaka wa kwanza, na la kwanza la wiki hizo liwe bao halisi mezani, kete zikihesabiwa kwa mkono. Na nyinyi vijana mtakaoandika programu za hospitali na benki zetu: kabla ya kuandika ndani ya safu, hakikisheni namba ya nafasi si chini ya 0 wala haijafika N.