Kutoka Kidato cha Tatu Hadi Mnara wa Kuongozea Ndege
Hotuba ya Kamati ya Fedha kwenye chakula cha hisani cha wana-Mbozi waishio Dar es Salaam



Wahasibu tukishika kipaza sauti watu huanza kutafuta mlango. Kaeni tu. Mizania imo kwenye meza zenu, hatutaisoma. Tunataka kuzungumzia kazi moja ambayo watoto wetu hawaitaji hata ukiwauliza mara kumi: kuongoza ndege.

Tangu uwanja wa Songwe ufunguliwe mwaka 2012, ndege zinatua jirani na kwetu. Watoto wanamjua rubani, wanamjua mhudumu. Wa mnarani hawamjui. Wengine hudhani ni yule mwenye vijiti anayeonyesha ndege pa kuegesha. Siye. Mwongoza ndege ndiye anayemruhusu rubani kuruka na kutua, anayempangia urefu wa kupanda na kumtenganisha na wenzake. Wapo wanaoutazama uwanja kwa macho, wapo wanaopokea ndege zinazokaribia, na wapo hapa Dar es Salaam wanaofuatilia zinazokata anga letu huko juu, wakisaidiwa na rada za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na hapo hapo Songwe. Sisi tulioangukiwa na kimondo bila mtu wa kukiongoza tunapaswa kuielewa kazi hii kuliko wengine.

Mafunzo yanatolewa hapa jijini, kwenye chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Darasani ni sheria za anga, hali ya hewa, urambazaji, na jinsi ndege inavyoruka. Kisha mazoezi mbele ya skrini zinazoiga uwanja halisi. Hayachukui miaka mitatu kama shahada. Ila cheti cha darasani si leseni. Kwa viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, leseni hapewi aliye chini ya miaka 21, na lazima kwanza aongoze ndege za kweli kwa muda usiopungua miezi mitatu, huku msimamizi mwenye sifa akiwa pembeni yake. Hata akishaipata, idhini yake ni ya kituo: wa mnara wa Songwe akihamishiwa Mwanza, anajifunza Mwanza na kupimwa upya.

Anapimwa pia macho, masikio na uwezo wa kutofautisha rangi, kwa sababu redio ya ndege ikizimika mnara huzungumza kwa taa nyekundu na kijani. Miwani haimzuii mtu.

Kiingereza ndipo wengi wetu tunapopachukulia kirahisi. ICAO ina ngazi 6, na mwongoza ndege anatakiwa afike angalau ya 4. Akiwa kwenye ngazi hiyo anapimwa tena kila baada ya miaka 3. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani kwenye ukungu, wakafa watu 583. Ndege moja ilishaanza kukimbia ili iruke, lakini maneno yaliyotoka humo yalieleweka mnarani kana kwamba bado inasubiri. Baada ya hapo maneno ya redioni yalibanwa zaidi, na rubani akipewa agizo muhimu lazima alirudie, mwongoza ndege naye asikilize marudio hayo kama karani wa benki anavyohesabu noti mara ya pili.

Sasa fedha. Kanuni za mfuko wetu wa elimu zinalipia ada ya shahada tu. Tunapendekeza neno "shahada" liongezewe "na mafunzo ya kitaalamu yenye leseni", ili kijana aliyepokelewa na chuo cha namna hii asikose ada kwa ajili ya neno moja.

Wazee wawili wametuuliza: nafasi zenyewe si chache? Ni chache, na mwajiri mkubwa ni mmoja. Kumaliza kozi si kuahidiwa ajira, na mtu yeyote anayeomba "chochote" ili amwingize mtoto wako mnarani, mkatalie. Ndiyo maana hatuombi fungu kubwa liende huko. Robo moja inatosha. Robo tatu tunaomba ziende kwenye maabara ya Fizikia na posho ya mwalimu wa kujitolea, maana mlango huu haufungwi chuoni, unafungwa kidato cha tatu, mtoto anapoacha Fizikia kwa kuwa hajawahi kushika hata betri na waya. Chuo kinatazama Hisabati, Fizikia na Kiingereza. Atakayeyafaulu hayo akakosa mnara, bado anaweza kwenda Kigoma kusomea hali ya hewa, au uhandisi, au ualimu arudi kutusaidia. Katika hesabu zetu, hiyo ndiyo shilingi isiyopotea.

Pendekezo litapigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Fomu za ahadi wanazo vijana waliovaa fulana za kijani. Anayetaka kuchangia maabara peke yake aandike hivyo, nasi tutazifungulia fedha hizo daftari lake.